Kizibo

Mama alikitia miko na upawa,
nasi tukakiita kikopo cha miko:
mti mweusi, mzito kama kinu,
ubavuni mzee kachongwa chini ya msonobari
na mtoto nyuma yake, kabeba furushi.
"Maandazi hayo," alisema mama. Hatukubisha.

Alikiacha daktari Mchina wa Bombo
mwaka alioondoka, pamoja na chandarua
na deni la maziwa la siku tatu.

Juzi kaja mnunuzi, miwani mbili, moja kichwani.
Kakipindua. Zikamwagika punje za pilipili manga,
njiti ya kiberiti, risiti ya mafuta ya taa.
"Cha brashi za mwandishi hiki. Lakini kitako
kimetobolewa, kikazibwa. Kasoro. Nusu bei."

Nikakipeleka Ngamiani, barabara ya kumi na tano,
kwa fundi Sechonge. Kanusa. Kagonga kwa ukucha.
Kidole kakizungusha pale penye kizibo.
"Kasoro gani? Mti mgumu hunywea miaka na miaka,
hata ukishakuwa chombo.
Ukiubana kote, usiku mmoja utasikia paa!
Aliyechonga aliuachia pa kunywelea."

Nimekirudisha jikoni.
Miko imo. Kalamu yangu nayo imo,
hata barua zangu sasa zanukia bizari.
Na mama, ambaye tangu msiba
kanga inamzunguka mara mbili na kubaki,
akipita hukipapasa chini,
kisha huuliza
kama yule mtoto ameshafika na maandazi.