Kibano

Baba anapanda zulia ndani ya maji.
Saa tatu usiku, Karviná, ghorofa ya sita,
theluji imeziba kingo za dirisha,
naye ameliinamia hodhi la kioo
kama mtu anayemnyoa mtoto aliyelala.

Majani yalikuja kikoponi, madogo kuliko punje za mtama,
yamekwama kwenye uji wa maabara.
Aliyaosha bombani, akayagawa vishada
juu ya kisahani cha chai cha marehemu mama:
mia moja na kumi na vinne.
"Kila kimoja na shimo lake," akasema.

Kibano ni kirefu, cha chuma, kimepinda shingo.
Anakibana kishada kwenye shina, anakizamisha mshazari
katika udongo mweusi, anatikisa kidogo,
analegeza vidole, anatoa taratibu.
Kishada kinabaki.
Kishada kinatoka.
Mikono yake hutetemeka tangu mgodini:
miaka ishirini na tisa ya kutoboa mwamba,
mashine ilizimwa, mifupa haijaambiwa.

Asubuhi narudi kutoka zamu ya hospitali,
nakuta arubaini vinaelea juu.
Hakasiriki. Anavichota kwa kichujio cha chai,
anavirudisha chini, kimoja kimoja.
Kurudi chini anakujua, baba.

Halafu gesi.
Mtungi umesimama kando ya kabati la viatu,
mpira mwembamba, viputo kama vumbi linalopanda.
"Hewa hii hii," anasema,
"ndiyo iliyokuwa imelala kwenye handaki la saba,
nzito, haina harufu.
Vendelín alipiga goti afunge kamba ya buti.
Hakuinuka."
Anahesabu: kiputo kimoja kwa sekunde.
Kimoja kwa sekunde.
"Na hapa inalisha majani."
Sijui anashangaa au anashtaki.

Wiki ya pili majani yakawa manjano,
yakayeyuka kama sabuni iliyosahauliwa majini.
Mimi muuguzi, sura ya kinachokufa naijua.
Ng'oa, baba, tutanunua mengine.
"Hayo yalikuwa majani ya hewani," akasema.
"Acha yajivue. Ya majini yaja."
Mstahimilivu hula mbivu, ndivyo isemwavyo,
lakini hapa hakuna mbivu, hata ua hakuna;
ni ukijani tu wa kukanyagwa na uduvi.

Jana usiku hakunisalimu.
Alinivuta mkono wa koti, theluji ingali mabegani,
akazima taa ya sebule, akawasha ile ya kofia
aliyoapa kwamba aliirudisha kampuni.
Akamulika ubavu wa hodhi, chini ya mstari wa udongo,
pale kioo kinapogusana na weusi:

uzi mmoja mweupe,
mwembamba kuliko ule tushoneao majeraha,
unashuka.
Kando yake mwingine. Umekutana na changarawe,
umeizunguka, umeendelea.

Tukakaa sakafuni, magoti yakilalamika.
Nikataka kusema jambo kuhusu Vendelín, au kuhusu mama.
"Unakwenda wapi?" ndilo lililonitoka.
"Chini," akasema. "Basi, tuzime.
Mzizi haupendi kumulikwa."

Akafunga na gesi, maana usiku majani hayaihitaji.
Vishada tisa vilibaki kisahanini,
vimefunikwa kwa kitambaa kibichi,
vya kesho.