Kitakachobaki

Daktari Nabaasa hakuuzungumzia sana uvimbe.
Alichora ini kwenye bahasha ya picha,
akakata kwa kalamu upande wote wa kulia,
akaweka kidole kwenye pembe iliyosalia:
"Hiki ndicho kitakachombeba Onzima peke yake.
Hakitoshi. Leo sikati."

Nilifoka. Tumetoka Arua usiku kucha,
tumeuza fahali na mabati ya jiko,
wiki ya pili nalala sakafuni Mulago,
na mwenye kisu anasema hakati!

Alifunga mshipa mmoja tu.
Damu ikahamia ng'ambo,
kama maji ya bustani: ukiziba mfereji huku,
kule mchicha unanenepa.
Tukangoja. Wiki nne za mayai na uji,
bila tone la waragi, bila karanga za ukungu,
bila chupa ya mizizi aliyotuma shemeji
(niliimwaga chooni; ilikuwa ya pesa nyingi).
Picha ya pili: kipande kimejaa.

Jumatatu wakakata, saa mbili hadi saa kumi.

Wanaosema mambo yametumbukia nyongo
hawajawahi kushusha kope la mume wao
dirishani, kwenye mwanga,
kutafuta rangi ya ndizi mbivu
ndani ya jicho.
Sista Akello alitoboa kidole, akapima sukari,
akapima mkojo, akaandika.
"Nyoosha mikono, mzee. Usipunge.
Leo siku gani?"

Alhamisi akajibu: Jumanne.
Akajibu polepole, kama mtu anayehesabu chenji
ya mwenzake.
Sista hakungoja raundi. Alikimbia.
Wakaja na chupa za maji, na sukari ya mshipani,
wakatafuta homa ilikojificha, wakaipata
kwenye mpira wa kidonda.
Mimi nilishika unyayo wake, maana pengine kote
palikuwa na mikono ya watu.

Jioni akafumbua jicho:
"Kesho Ijumaa. Na mabati yangu
umeyauza kwa bei gani?"
Nikalia, nikamtajia bei, akakasirika.
Sijawahi kufurahia hasira kiasi kile.

Siku ya tano daktari alisoma karatasi mara mbili.
Damu inaganda. Umanjano unashuka.
Hakutabasamu. "Endelea kumuuliza siku," akasema.

Usiku nilitandika mkeka chini ya kitanda.
Juu yangu kile kipande
kilikuwa kinafanya kazi ya zima.

Kulipokucha nikauliza.
Jumapili, akasema,
na ilikuwa Jumapili.