Bondo la Sangara

Hapa Mwaloni bondo halinunuliwi kwa macho.
Unamlaza sangara kwenye mizani, unasoma namba,
unalipa,
ndipo kisu kinapita tumboni
na unajua kama ulichonunua ni cha kujengea nyumba
au cha kulisha paka.

Miaka kumi na sita nimesimama nyuma ya mizani hii.
Ndiyo maana wakanipa daftari la timu.
"Nkwimba," walisema, "wewe huibiwi hata gramu."

Alhamisi usiku, nyuma ya duka la vipuri la Kwilasa,
tumekaa saba kwenye viti vya plastiki
na jina moja limelala mezani:
Rweyongeza.
Mita mbili na kidole. Pointi ishirini na sita kila mechi,
mwaka juzi.
Mwaka jana hakuna aliyehesabu.
Mwaka jana alitembelea magongo.

Dar wanamtoa. Wanataka Luhende na Magulyati,
na juu yao milioni kumi na nane,
nusu kabla wino haujakauka.
Mwenyewe anataka nyumba Capripoint, dirisha litazame maji.

Kocha amesimama. Kocha hawezi kulitaja jina hilo amekaa.
"Miaka minne sisi ni wa tatu! Wa tatu!
Watoto wa Mirongo watalipa kiingilio
kumwona akipasha misuli tu!"
Namwelewa. Hata mimi nilipiga kelele
siku ile alipotufunga sisi wenyewe
kutoka karibu na katikati, kengele ikilia,
nikamwaga karanga zangu zote
kwa raha ya kufungwa vizuri.

Lakini chema chajiuza,
na huyu anatembezwa tangu Januari.

Naandika. Upande mmoja: kombe, pengine.
Mdhamini wa maji ya chupa, aliyesema "tutaona".
Upande wa pili: goti la kushoto.
Mishahara ya wale tisa wasiouliza kitu,
ila siku ya malipo wanafunga kamba za viatu polepole sana.
Jezi. Nauli ya Arusha.
Na Luhende.

Luhende sijui nimwandike upande gani.
Ana miaka kumi na tisa. Mitupo huru
anaitupa kama anayefukuza mbwa.
Lakini kwao ni Mabatini, juu kwenye majabali,
na tangu darasa la tatu anapandisha maji,
ndoo mbili asubuhi, mbili jioni,
ngazi mia moja na kumi na mbili.
Akiruka kuchukua ribaundi
mimi naziona zile ndoo zote zikimwachia.

Watatu ndiyo, watatu hapana.
Wakanigeukia kama wateja
mshale ukiwa bado unacheza.

Nikasema: kesho aje. Asipelekwe uwanjani.
Uwanjani, watu wakipiga makofi,
kila mtu ana goti zima.

Ijumaa saa kumi nikampandisha Mabatini
kumsalimia, nilimdanganya, mama wa kijana
atakayeondoka kwa ajili yake.
Alipanda vizuri. Alitania watoto,
akainama chini ya kamba za nguo, nyumba hadi nyumba.
Ngazi ya sabini na moja akasimama.
Akageukia ziwa, mkono juu ya paja la kushoto.
"Mama," akasema, "kumbe mnaishi na haya yote?"

Kweli kulikuwa na mengi ya kutazama:
kivuko kikiingia kutoka Kamanga,
mabati yakimeta hadi chini barabarani,
maji yana rangi ya sufuria iliyosuguliwa kwa majivu.
Alitazama kwa muda mrefu.
Mrefu wa mtu aliyelipenda ziwa,
au mrefu wa mtu anayelisubiri goti,
nami ngazi moja chini yake
nikihesabu pumzi.

Luhende alikuwa anashuka na ndoo tupu.
Akajibana kwenye jabali, akampisha,
akamwamkia: shikamoo.