Nafagia Ili Pachafuke

Basi la mwisho la Mpanda likishapita Ipole
napanda tuta na fagio langu la vijiti,
nafagia mchanga, mita tatu kwa ishirini,
mpaka ulainike kama unga uliochekechwa mara mbili.
Ndiyo kazi yangu. Nalipwa mwisho wa mwezi.
Nafagia ili pachafuke.

Chini ya miguu yangu kuna zege,
chini ya zege kuna lami,
na juu ya lami semitrela za mahindi
zinashuka na honi zao kama zimefiwa.

Zamani nilikuwa na daftari jingine.
Kilomita mia na nne: tandala jike, mwenye mimba.
Mia na sita: kakakuona,
amejikunja vilevile anavyojikunjia simba,
lakini tairi halinusi likaondoka.
Mia na nne tena: ngiri, na pikipiki,
na Shija wa Kapela, mguu wa kulia.
Huyo sikumwandika.
Daftari halikuwa na safu ya watu.

Daraja likajengwa, wakanipa fagio.
Kisimani wananicheka:
"Kalunde, wageni wako umeshawapigia deki?"
Nacheka nao, naona raha hata.
Ila Mwashi hakucheka siku ile,
mtoto mgongoni anachemka homa.
"Zahanati ina mkunga mmoja," akasema.
"Fisi ana daraja."
Nilijitwika ndoo yangu nikaondoka.
Jibu sikuwa nalo. Mpaka leo sina.

Januari waliopita ni mbuzi wa baba mdogo.
Februari, tairi la baiskeli
na matone ya asali, moja, moja,
mpaka mlangoni kwa Kapela,
naye akaapa alikuwa anakagua tu.
Machi mvua ilifuta kila kitu
hata nilichokuwa sijakisoma.
Mhandisi Kasongwa alipiga simu kutoka Tabora:
"Kuna kitu?"
"Kuna mbuzi, bwana."
Akanyamaza hata nikadhani salio limekata.
"Endelea kufagia."

Miyombo tuliyopanda juu ya daraja
ilikuwa imenifika kiunoni.
Oktoba, kabla hata wingu halijaonekana,
ikatoa majani mekundu,
siku moja na ndugu zake wa ng'ambo hii na ng'ambo ile.
Mti hauulizi kama chini yake ni mwamba au saruji.

Ndipo asubuhi moja nikakuta kwato.
Palahala. Nilipima kwa kiganja.
Alikuja mpaka katikati, akasimama,
akasimama sana, mchanga umechimbika,
bila shaka roli lilikuwa likipita chini yake
na ardhi ikatetemeka kwa namna asiyoijua.
Akarudi.
Kesho yake akaongeza hatua nne. Akarudi.
Halafu kimya, siku sita,
nikifagia usafi juu ya usafi.

Siku ya saba alivuka.
Nyuma yake vikwato vidogo,
kila kimoja kimetua ndani ya unyayo wa mama,
isipokuwa pale katikati
ambapo kadogo kaliruka pembeni, kakazunguka,
kakachezea mchanga wangu wote.

Sikumpigia Mhandisi kwanza.
Nilimwita Mwashi, sijui kwa nini yeye.
Alipanda tuta taratibu, mtoto sasa anatembea,
akatazama bila kusema.
Mtoto akachuchumaa, akaweka kidole ndani ya alama.
"Mama, walikuwa wanakwenda wapi?"
Mwashi alitazama upande wa Koga,
msitu mwekundu mpaka macho yanapoishia.
"Kwao," akasema.

Zahanati bado ina mkunga mmoja.
Jua limeinama, basi la Mpanda limepita.
Nachukua fagio.