Deni la Mbegu

Mahindi yetu yalivuka Ruvuma mwaka wa vita,
pindoni mwa kaniki ya mama.
Njaa ilimkaba; hakutafuna hata punje.

Haya ya Nandonde, muuza salfa wa Kitangari,
yamo pakitini, yamepakwa dawa, mekundu kama pipi.
"Usirudie kuyapanda," alinionya.

Nilivuna magunia saba. Sisemi uongo, saba.
Nikachagua mahindi manene,
nikayaning'iniza juu ya moshi, kama tulivyolelewa.

Mvua ikaja:
hili refu, lile limedumaa,
mengine mabua matupu, yanapunga upepo.

Ya mama tulikwisha yala,
kwa kiburi cha yale magunia.

Nimerudi dukani.
Nimepanda mimi, imepanda bei.
Nandonde kafungua daftari, kaniuliza jina la mdaiwa.

Nikamtajia la mama.