Hofu ya Kiasi

Ukumbi ulikuwa Barabara ya Kumi na Moja, Ngamiani,
baina ya fundi cherehani na duka la mafuta ya taa,
na kazi yangu, kabla sijaota ndevu,
ilikuwa kubandika karatasi mlangoni.

Karatasi ilitoka chumba cha nyuma kwa Bwana Kilua Semhando,
aliyeitazama kila filamu peke yake, saa nne asubuhi,
akaipangia umri, kisha sababu.
Mashine yake ya chapa ilikuwa na pengo la h.
H zote alizitia kwa mkono, wino mwekundu.

*Miaka kumi na miwili. Kuna hofu ya kiasi.*

Kiasi gani? akauliza Mwanaidi muuza bisi.
Kibaba? Pishi?
Au ile ya kuonjeshwa, unawekewa kiganjani,
unalamba, unakwenda zako?
Tukakata tiketi, tukaingia kupima.

*Miaka kumi na sita. Uchi wa mbali.*

Kuna aliyekuja na darubini ya mjomba wake wa bandarini.
Ulikuwa mgongo wa mtu anayeoga mtoni,
mdogo kama punje ya mtama,
na mbele yake ng'ombe, mzima, karibu kabisa.

*Miaka kumi na minne. Matusi mawili, moja limemezwa na treni.*

Treni ilipofika ukumbi ulinyamaza
kimya ambacho mwalimu wetu hakuwahi kukipata kwa fimbo.
Midomo mia mbili gizani
ikilikisia.

*Miaka kumi. Farasi anakufa, lakini si machoni pa watu.*

Basi anafia wapi? akasema Mwanaidi,
akafunika bisi zake, akalia pale pale nje.
Sisi tuliomwona farasi hatukulia.

Nilidhani bwana yule anatutania,
mpaka siku niliyompelekea chai
nikamkuta ameinamia mashine, kidole kimoja hewani,
anatafuta neno
kama mtu anayetoa mwiba kwenye unyayo wa mtoto wa mwenzie.
Mtoto akiogopa hajaambiwa, alisema,
anaogopa mara mbili.
Kisha akanituma sukari.

Masika yale mkewe alikwenda Muheza kwa siku tatu.
Siku tatu zikazaa siku tatu, nazo zikazaa.
Wino mwekundu ukamwishia, au mkono.

*Miaka kumi na sita. Sa ani mbili zinaos wa, moja  aijatumika.*

*Miaka kumi na minane. Kuna kitanda kipana.*

*Miaka kumi na minane. Mtu anasubiri, kwa muda mrefu, bila muziki.*

Filamu ya usiku ule ilikuwa ya ngumi,
ngumi mwanzo mwisho, watu wanarukia mapaa.
Hakuna aliyesubiri chochote.
Bwana Karsan mwenye ukumbi akaniambia nibandue.
Nikasema gundi bado mbichi, itachafua mlango.

Makuli wakasoma. Vijana wa mkonge wakasoma,
mikono yao bado inanuka majani.
Mmoja akavua kofia.
Bila muziki, akarudia, taratibu,
kama mtu aliyetajiwa mtaa anaoujua.
Wakaingia kutazama ngumi zao, wakashangilia vizuri tu.
Lakini walipotoka, wawili watatu walizunguka nyuma,
wakabisha.
Sijui walisema nini. Nilikuwa nafagia bisi.

Juzi nilikuwa Bombo, hospitali,
nina miaka sitini na mitatu,
sina filamu ninayokatazwa.
Daktari kijana akanisomea fomu:
baada ya operesheni kutakuwa na maumivu ya kiasi.

Kibaba au pishi? nikamwuliza.
Akacheka, akidhani ni uzee.

Nikamwambia aketi, aandike upya, polepole,
kama ni ya mbali aseme ni ya mbali,
na kama kuna mahali treni itapita
aniandikie na treni.