Jiwe la Nyuma ya Tairi

Kutoka uani kwetu hadi barabara ya stendi
ni hatua sitini na mbili, zote za kupanda.
Nimezihesabu kwa bega, si kwa mguu,
bega la kulia, kwenye bati la bluu
la tela letu la chipsi,
Juni imeimwagia Tukuyu ukungu
mzito kama uji wa mzazi.

Fundi Nsajigwa alikuja Jumanne na futi yake.
Akalala chini ya ekseli, miguu nje,
tukawa tunaongea na soksi zake:
“Roli mbili za chuma zinabana tairi.
Mota mbili. Betri moja ya lori.
Rimoti kama ya tivii, mama. Unasimama pembeni,
mikono mikavu, unabonyeza,
nalo linapanda lenyewe
kama ng'ombe anayejua zizi lake.”
Laki tisa na themanini.
Betri mbali.

Ambakisye hakusema kitu.
Tangu Aprili analala juu ya ubao.
Siku ile mvua ilikuwa imeupaka mlima sabuni,
tela likarudi nyuma kwenye kona ya bomba,
naye akalikingia mgongo,
mgongo, jamani, kama vile ni ukuta.
Karai likapinduka. Viazi vya Isongole
vikateremka vyenyewe hadi mlangoni kwa Mwakalobo,
na mpaka leo watoto wa pale
wanamwita Breki.

Usiku namwaga kopo la maziwa ya unga kitandani,
napanga noti kwa rangi, napanga tena
kana kwamba zikipangwa upya zitazaana.
Mota na roli: kilo thelathini na nne.
Betri: ishirini na kitu.
Nilimuuliza fundi, na siku betri ikifa?
Akacheka. “Mtasukuma, kama zamani.”
Kama zamani, na mashine juu yake.

Lakini si hilo linaloninyima usingizi.

Saa kumi na moja wanakuja bila kuitwa.
Lutengano na Ipyana, wa nyumba ya juu,
mshahara wao sahani moja, pilipili nyingi.
Sekela, mpangaji, na sare yake ya uuguzi,
anavua saa kwanza, anaiweka kwenye soksi.
Na Mwalimu Kalinga, mstaafu,
ambaye hasukumi.
Yeye anabeba jiwe.
Jiwe jeusi lenye vitundu, la mlima wetu wenyewe,
analitunza kwake, barazani, sijui kwa nini.
Kila hatua ya kumi anaita, “Pumzika!”
analikita nyuma ya tairi
na sote tunahema kama mbwa.
Tangu amzike mkewe kule Masoko
hilo ndilo neno pekee ninalomsikia akilisema.

Mashine ina breki yake, alisema fundi.
Haihitaji jiwe.

Nilitaka kuamua kwa hesabu. Sikuweza.
Saa tisa za usiku nilimsikia Ambakisye akigeuka
kwa vituo, kwanza bega, kisha kiuno,
kama watu wawili wanaohamisha kabati
na hawataki kumwamsha mwenye nyumba.
Mwenye nyumba nilikuwa macho.

Asubuhi nikampelekea Nsajigwa laki tatu za kwanza.
Akaandika risiti kwenye kipande cha boksi.
Sikumwambia mtu, hata Breki mwenyewe.

Jioni wakaja.
Moja, mbili, haya!
Nikasukuma kuliko siku zote,
uso nimeuficha kwenye bati,
nikasukuma kama mdeni aliyemwona mdai njiani
na akaanza kumsaidia mizigo.
Sekela akasema, dada, leo umekula nini?
Risiti ilikuwa ikinichoma kifuani.

“Pumzika!”
Jiwe likagota.
Mwalimu akainama, akalijaribu kwa kiganja,
akalisogeza kidogo, nusu kidole,
akaridhika.

Zilikuwa zimebaki hatua kumi na mbili.